Zalio Si Chakula cha Mbwa

Mbwa wa mwaloni, yaani pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, wameniharibia kazi nyingi kuliko joto, kuliko barabara mbovu na kuliko uchache wa vifaa. Nimekuwa daktari wa mifugo katika wilaya ya Magu kwa miaka kadhaa sasa, na sehemu kubwa ya muda huo nimeitumia katika vijiji vinavyopakana na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Siku hizi nikipigiwa simu kwamba mnyama ametupa mimba, swali langu la kwanza halihusu hali ya mama wala umri wa mimba. Nauliza zalio, yaani kondo la nyuma linalotoka baada ya mtoto, liko wapi. Mara nyingi najibiwa kwamba limeliwa na mbwa, au limetupwa ziwani, au vijana wamelifukia kabla jua halijachomoza ili kaya isinuke. Anayenijibu huwa ana hakika kwamba amenitunzia kilicho muhimu, yaani kijusi, na hunieleza hivyo kwa sauti ya mtu anayestahili kushukuriwa.

Mnyama ninayemwandika hapa ni punda, ingawa elimu ninayoitumia ni ya farasi. Huku kwetu farasi ni mnyama wa kwenye picha. Usukumani utakuta ng'ombe, mbuzi, kondoo, na punda wa kubeba maji, mkaa na magunia ya mpunga. Nilipokuwa nasoma Morogoro tulifundishwa magonjwa ya uzazi ya farasi kwa michoro na slaidi, na wengi wetu tuliyasoma ili tufaulu mtihani, tukiamini kwamba hatutayahitaji kamwe. Lakini punda na farasi ni ndugu wa karibu, na kondo zao zimejengwa kwa namna moja. Ng'ombe ni wa ukoo mwingine kabisa. Kondo la ng'ombe hushikamana na mfuko wa uzazi kwenye vifundo vilivyotawanyika, kila kimoja kikiwa kama uyoga, ilhali la farasi na punda limeenea mfuko mzima kama kitambaa cha mahameli. Nilichelewa kulitilia maanani jambo hilo, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mtu.

Punda wa kwanza aliyetupa mimba mikononi mwangu alikuwa wa mzee mmoja mkulima wa mpunga. Nilifika mchana na kukuta kijusi kimelazwa juu ya jani la mgomba, safi, kinang'aa. “Tumekuoshea, daktari,” mzee aliniambia, na kweli walikuwa wamekipeleka ziwani wakakisugua kwa heshima zote. Zalio mbwa walikuwa wamegawana tangu alfajiri. Kwa kuwa nililelewa kitaaluma katika nchi ya ng'ombe, akili yangu ilikimbilia moja kwa moja kwenye ugonjwa wa kutupa mimba, yaani bruselosisi, ambao huku ndio jibu la kila mimba inayotoka. Nilichukua damu ya mama, nikachukua kipande cha ini na cha mapafu, nikapeleka maabara. Majibu yalikuja kwamba damu haina dalili ya bruselosisi, na kwamba kwenye nyama wameota bakteria wa aina nyingi mchanganyiko, wale wa matope na maji machafu. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimepima Ziwa Victoria.

Baadaye nilirudi kwenye madaftari yangu na kusoma tena nilichokuwa nimekipita haraka. Bruselosisi humpata farasi, lakini mara nyingi humtokezea kama jipu sugu la mabegani, na ni nadra kumtoa mimba. Kumbe nilikuwa nimemuuliza punda swali la ng'ombe. Mzee, kwa upande wake, aliposikia kwamba maabara haikupata kitu, alimuuza yule punda kwa bei ya hasara akiamini ana mkosi. Hasara hiyo si ndogo. Mimba ya farasi huchukua kama miezi 11, na ya punda kama 12, wakati mwingine hata 14. Anayepoteza mimba moja amepoteza zaidi ya mwaka wa kungoja. Tena punda wa siku hizi si yule wa zamani aliyekuwa anaachwa azurure. Biashara ya ngozi zake ilimpunguza sana barani, hata Umoja wa Afrika ukaamua, Februari 2024, kupiga marufuku kwa miaka 15 kumchinja kwa ajili ya ngozi.

Katika kusoma huko ndipo nilipotambua jinsi wenzetu wanaofuga farasi wa mbio wanavyolichukulia jambo hili. Kule Kentucky, Marekani, walichunguza mizoga ya vijusi na vitoto vya farasi zaidi ya 3,500 kati ya 1986 na 1991, na uvimbe wa kondo unaotokana na maambukizi ukawa miongoni mwa sababu kubwa kabisa. Uingereza walichunguza vijusi na vitoto 1,252 kati ya 1988 na 1997, nao wakakuta kwamba zaidi ya theluthi moja walikufa kwa matatizo ya kiungamwana, ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo, hasa kujipinda hadi damu ikashindwa kupita. Nchi mbili, majibu mawili tofauti. Lakini tazama mahali majibu yenyewe yalipopatikana. Lile la Kentucky lilikuwa kwenye kondo na lile la Uingereza kwenye kiungamwana, yaani ndani ya vitu vilevile ambavyo sisi huwaachia mbwa.

Kisa kingine cha Kentucky kimenikaa kichwani. Mwaka 2001, katika majira ya kuchipua, farasi jike walianza kutupa mimba kwa mamia, shamba baada ya shamba, wengine wakiwa na mimba changa na wengine wakiwa karibu kuzaa. Walishuku sumu ya ukungu kwenye majani ya malisho, wakashuku sumu ya miti ya cheri ya porini. Waliopasua mizoga walikuwa wakikuta uvimbe kwenye kiungamwana na kwenye ngozi ya chupa ya uzazi, pamoja na bakteria wa kawaida tu, wale wanaoishi mdomoni na tumboni mwa farasi mzima siku zote. Bakteria wa kawaida kumbe walikuwa wamepata njia isiyo ya kawaida. Mwaka ule viwavi walijaa kwenye miti ya cheri, wakashuka malishoni, na farasi wakawala pamoja na majani. Majaribio yaliyofuata yakathibitisha kwamba kumlisha farasi viwavi wale kunamtoa mimba. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nywele zao ngumu huchoma utumbo na kuwafungulia bakteria mlango wa kuingia kwenye damu. Sijui ni nani katika kijiji changu angekubali kwamba punda wake ameuawa mimba na kiwavi, lakini ushahidi ndivyo ulivyosema.

Sasa nieleze punda wa pili, ambaye ndiye sababu ya makala hii.

Simu ilipigwa kabla ya saa 12 asubuhi, mwezi wa Oktoba. Mwenye punda ni mama mmoja mjane anayeuza maji na kusafirisha magunia ya dagaa kutoka mwaloni hadi barabara kuu. Punda wake alikuwa amepandwa Februari, kwa hiyo mimba ilikuwa na miezi minane hivi. Nilimwambia asiguse kitu kwa mikono mitupu, awafukuze mbwa, na afunike kila kilichotoka kwa turubai lenye unyevunyevu kivulini. Nikapitia kwa wauza samaki kuchukua barafu, kwa maana barafu ya sangara ndiyo barafu pekee unayoweza kuipata kwa uhakika saa hizo, nikapanda bodaboda na kasha langu mapajani.

Nilikuta kundi la watu, na pembeni kijana wa miaka 14 amekaa chini akiwa ameinamisha kichwa. Yeye ndiye anayemswaga punda kila siku, na kesi yake ilikuwa imeshasikilizwa na kuhukumiwa kabla sijafika: amempiga fimbo ya tumbo, au amempakia madumu kupita kiasi. “Mwangaluka, mayu,” nilimsalimu mama, naye akaitika na kuongeza hapohapo kwamba amechoka na huyu mtoto. Nilimwomba anisubiri nimalize kwanza.

Nilivaa aproni, gambuti, barakoa na glavu mbili juu ya mbili. Hili naomba lisichukuliwe kama madaha ya wasomi. Mwaka 2006 na 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipita Tanzania, mifugo ikatupa mimba kwa wingi na watu wakafa, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wameshika damu au mizoga ya wanyama. Bruselosisi na homa ya Q nazo hupitia kwenye majimaji ya uzazi. Mama mjamzito hapaswi kusogea kabisa, na siku ile niliwaondoa wawili waliokuja kushangaa.

Kijusi hakikuwa kibichi. Ngozi ilikuwa na wekundu uliofifia kuelekea kahawia, macho yamezama, na nilipokibonyeza kilikuwa kimelegea kama nyama iliyolala nje. Nywele zilikuwa zimeota kwenye midomo, kwenye nyusi, kwenye mstari wa shingo na ncha ya mkia tu. Watu waliogopa zaidi kwato, kwa sababu zilikuwa zimevikwa vitu laini vyeupe vinavyoning'inia kama vidole vya utomvu, na mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba hiki si punda. Niliwaeleza kwamba kila mtoto wa farasi na wa punda huwa hivyo tumboni, ili kwato zisimchane mama, na kwamba vitu hivyo hukauka na kukatika akianza kutembea. Vilevile palikuwa na kipande bapa cha rangi ya kahawia kikielea kwenye majimaji, chenye kuteleza kama ini. Mzee mmoja alirudi nyuma hatua mbili na kusema hiyo ndiyo dawa aliyotegewa punda. Hicho nacho ni cha kawaida. Ni mabaki ya chumvichumvi na seli yanayojikusanya taratibu ndani ya chupa ya uzazi. Wagiriki wa kale walikiita hipomani na walikihusisha na dawa za mapenzi, kwa hiyo mzee wetu hakuwa wa kwanza kukipa nguvu kisizokuwa nazo.

Hali ile ya kuoza kidogo ilikuwa tayari inasema jambo. Virusi vya hepesi vya farasi, vinavyoogopwa sana kwenye mashamba makubwa kwa sababu vinaweza kutoa mimba za kundi zima, kwa kawaida hutoa kijusi kibichi katika theluthi ya mwisho ya mimba, ghafla, mara nyingi kikiwa bado ndani ya zalio lake. Ukikifungua unakuta maji ya manjano kifuani, mapafu mazito, na ini lenye vitone vyeupe vidogo kama punje za chumvi. Huyu alikuwa amekufa tumboni siku kadhaa kabla ya kutoka.

Kisha nikaligeukia zalio. Zalio la farasi au punda hutandazwa kama suruali. Miguu miwili ni pembe mbili za mfuko wa uzazi, moja nene ambamo mtoto alikuwa, nyingine nyembamba. Kiunoni ndipo palipochanika mtoto akitoka, karibu na mlango wa kizazi. Nililitandaza kwenye turubai, kwanza upande mwekundu juu, kwa sababu nilihitaji sampuli kabla ya mtu yeyote kupata wazo la kumwagia maji. Pale kiunoni ndipo maambukizi yanayopanda kutoka ukeni huanzia, na ukiyakuta utaona mahameli yamekauka, yamekuwa manene, yana utando wa kahawia unaonata. Palikuwa safi. Nikafuata mguu mmoja hadi ncha, na mwingine hadi ncha, nikihakikisha kwamba hakuna kipande kilichokatika. Kwa farasi kipande kidogo kikibaki ndani, mara nyingi ncha ya ule mguu mwembamba, mama anaweza kuugua vibaya, damu kuingia sumu na kwato kuvimba hadi ashindwe kusimama. Farasi jike huhesabiwa ana tatizo zalio lisipotoka ndani ya saa tatu, wakati ng'ombe anaweza kukaa nalo muda mrefu zaidi bila kufa. Kwa hiyo hata kama sababu ya mimba kutoka isingejulikana, kuliangalia zalio peke yake ni tiba kwa mama. Hata eneo lenye upara, ambalo huonekana pale mapacha walipogusana, halikuwepo. Mapacha ni janga kwa farasi kwa sababu mahameli yote yanatakiwa kumlisha mmoja.

Nilikishika kiungamwana mwisho, na nadhani nilijua kabla sijakipima. Kilikuwa kimesokotwa kama kamba ya nyavu, hasa karibu na tumbo la kijusi, na kati ya msokoto na msokoto palikuwa na uvimbe wa ute wa rangi ya divai. Nilikinyoosha taratibu juu ya turubai na kukipima kwa utepe wa fundi cherehani ninaouweka kwenye kasha: sentimita 88. Kwa farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, wastani ni kama sentimita 55, na vingi havizidi 83; punda wetu ni mdogo kuliko hao kwa mbali. Urefu huu una sababu ya kuwa hatari. Mtoto wa farasi huogelea ndani ya chupa yake, na chupa nayo huelea ndani ya chupa nyingine, hivyo anaweza kuzunguka na kuzunguka tena. Kamba ikiwa fupi itamzuia. Ikiwa ndefu itamruhusu.

Hapa ndipo mchunguzi anapoweza kujidanganya, na ningependa wenzangu wa wilayani wanisome kwa makini. Mapindo peke yake si ushahidi. Kiungamwana cha farasi mzima, aliyezaliwa salama na anayenyonya, huwa na mapindo machache, na wakati wa kutoka kinaweza kujipinda zaidi kwa kuvutwa tu. Anayeona msokoto na kuandika “amekufa kwa msokoto” ameandika anachotamani. Kinachotakiwa ni alama za damu iliyozuiwa wakati mtoto bado hai: uvimbe, damu iliyovilia, ukuta uliokonda pale palipobanwa, na mrija wa mkojo upitao ndani ya kamba hiyo uliojaa kama puto kwa sababu mkojo umekosa njia. Nilianza kusokotoa, nikihesabu kwa sauti ili kijana aliyenishikia taa asikie. Mapindo tisa. Yalipofunguka yote, kamba haikurudi kuwa laini. Ilibaki na mifereji ya kuzunguka, na mahali pawili palikuwa na mikanda myeupe iliyobanwa hadi ikawa nyembamba kama kidole cha mtoto, na upande wa juu wa kila mkanda mrija wa mkojo ulikuwa umetuna. Msokoto wa wakati wa kutoka hauachi alama za namna hiyo.

Pamoja na hayo nilichukua sampuli zote kama vile sijaona kitu. Nilinyonya maji ya tumbo la kijusi kwa bomba jipya la sindano, nikakata vipande vya mapafu, ini, bandama, tezi ya kifuani, tezi ya juu ya figo, kiungamwana na kondo katika sehemu tatu. Seti moja niliiweka mbichi kwenye barafu, nyingine kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, vipande visivyozidi unene wa sentimita moja na formalini mara kumi ya ujazo wa nyama, kwa maana dawa ikiwa kidogo nyama huozea humohumo ndani ya chupa. Nilitengeneza pia vioo vya darubini vilivyopakwa damu ya mama na vya bandama, kwa sababu huku kwenye kupe wengi kuna vimelea vya damu vya farasi na punda vinavyoweza kuvuka kondo, na kijusi kilichoathirika navyo kikawa cha manjano. Chetu hakikuwa cha manjano, lakini macho yangu si darubini. Tulichimba shimo la kina kirefu mbali na maji, tukamwaga chokaa, tukafukia, na mbwa wakabaki wanatuangalia.

Kuna punda wengine wawili wa jirani waliokuwa na mimba, na nilimwomba mama awatenge na huyu hadi majibu yatoke. Hakupenda. Kumtenga punda ni kusimamisha kazi, na kazi ikisimama na chakula kinasimama. Lakini alikubali baada ya kijana, aliyekuwa kimya muda wote, kusema kwamba yeye atabeba maji kwa baiskeli.

Maabara ya kanda pale Mwanza walinipigia baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Maji ya tumbo la kijusi hayakuotesha bakteria wa maana. Vioo vya damu havikuwa na vimelea. Kwenye ini na mapafu hawakuona zile alama ndani ya viini vya seli ambazo hepesi huacha. Kwenye kiungamwana waliona uvimbe wa maji, damu iliyovilia ndani ya mishipa na nyama iliyoanza kufa pale palipobanwa. Waliandika kwamba hayo yanakubaliana na msokoto uliotokea mtoto angali hai. Niliwapenda kwa neno lile “yanakubaliana”. Hawakuandika zaidi ya walichokiona.

Nilikwenda kumsomea mama mwenyewe, na nilisubiri hadi kijana arudi na madumu. Nilimweleza kwamba fimbo haipindi kamba ya mtoto tumboni, wala madumu, na kwamba hakuna aliyemtegea punda dawa. Mtoto alizunguka, kamba ilikuwa ndefu, damu ikakatika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Kwa hiyo alijinyonga mwenyewe?” Nilitafuta neno lililo bora kuliko hilo, nikalikosa, nikamwambia kwamba ni karibu na hivyo, ila hakukusudia.

Alimtazama kijana, akamwambia aende akale. Mimi nikaenda kwa jirani kumwambia punda wake wanaweza kurudi kazini, kwa maana msokoto hauambukizi. Jirani akaniuliza, kwa umakini kabisa, kama barafu ya sangara inatosha kutunzia zalio, akizaa wa kwake, hadi nifike. Nikamwambia inatosha, asilizike tu kwenye barafu likaganda.